Jua la Uwanjani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mashabiki wa Majukwaa ya Wazi

Mchezaji akizidiwa na joto ana benchi, ana daktari, ana chupa za maji pembeni mwa mstari. Shabiki ana kiti tu, tena kiti kilichoanza kuota jua tangu asubuhi. Majibu haya yanamhusu huyo wa kwenye kiti. Swali la tiketi limewekwa mwanzo kwa makusudi: shida nyingi za jua uwanjani hununuliwa pamoja na tiketi, na ukishakaa umechelewa.

Nikate tiketi ya upande gani ili nipate kivuli?

Kwa mechi ya alasiri, upande wa magharibi. Viwanja vingi vya soka hulazwa kaskazini–kusini ili jua la jioni lisimpige kipa machoni. Kwa hiyo majukwaa marefu hukaa mashariki na magharibi. Alasiri jua linashukia magharibi. Aliyekaa jukwaa la magharibi amelipa jua mgongo, na jukwaa lenyewe pamoja na paa lake linamfunika. Aliyekaa mashariki anatazamana nalo uso kwa uso mpaka lizame. Angalia jukwaa la wageni rasmi na kamera kuu za televisheni viko upande gani: mara nyingi ni huo wa magharibi, na si kwa bahati.

Mechi ya asubuhi ni kinyume chake. Mechi ya saa sita au saa saba mchana inategemea uko wapi duniani. Kaskazini mwa tropiki jua la mchana hukaa upande wa kusini, kwa hiyo jukwaa la kusini ndilo lenye kivuli; kusini mwa tropiki ni jukwaa la kaskazini. Karibu na ikweta jua hupita utosini, na hapo hakuna ujanja wa upande: una paa au huna.

Kwenye besiboli, uwanja hupangwa zaidi ili mpigaji atazame mashariki kidogo kaskazini. Kivuli cha alasiri huanza nyuma ya mpigaji na upande wa beisi ya tatu.

Tiketi yangu ilisema kiti kiko chini ya paa. Mbona nilichomwa dakika tisini zote?

Kwa sababu paa ni kofia, si pazia. Linazuia jua lililo juu, haliwezi kuzuia jua lililoinama. Jua husogea nyuzi 15 kila saa. Karibu na ikweta, saa tisa alasiri liko kama nyuzi 45 juu ya upeo wa macho, na saa kumi limeshuka hadi kama nyuzi 30. Chukua paa lililo mita 10 juu ya kichwa chako: ili likukinge jua la saa tisa lazima litokeze mita 10 mbele yako; kwa jua la saa kumi lazima litokeze mita 17. Paa la namna hiyo lipo kwa aliyekaa safu za nyuma juu kabisa. Kwa aliyekaa safu ya tano kutoka chini, paa ni pambo.

Kosa ambalo hata wazoefu hulifanya (nami nimelifanya zaidi ya mara moja) ni kuchagua kiti kwa kivuli cha wakati wa kuingia. Unafika mapema, unaona kivuli kizuri, unajinyoosha. Dakika ya ishirini mstari wa jua umefika magotini, mapumziko umefika kifuani, kipindi cha pili unatazama mpira kwa jicho moja huku mkono ukiwa kwenye paji la uso. Kabla ya kununua, tafuta picha ya uwanja huo iliyopigwa kwenye mechi ya saa ileile na mwezi uleule, katika kipindi cha pili, uone mstari wa kivuli umekata safu ya ngapi. Picha moja ya namna hiyo ina manufaa kuliko maelezo yote ya muuza tiketi.

Simu ilisema nyuzi 31. Mbona jukwaani palikuwa kama tanuri?

Simu haikudanganya, ila ilikuwa inazungumzia mahali pengine. Joto la hewa hupimwa kivulini, kwenye kisanduku kinachopitisha upepo, kama urefu wa mtu kutoka ardhini. Hata kile kipimo cha "joto linalohisiwa" hukokotolewa kwa mtu aliye kivulini penye upepo mwanana. Ukikaa kwenye jua kali kinaweza kupanda kwa nyuzi 8 za Selsiasi.

Halafu kuna uwanja wenyewe. Umbo la bakuli huzuia upepo. Zege hulinywa jua mchana kutwa na kulirudisha taratibu, ndiyo maana jukwaa huendelea kufuka joto hata jua likiwa limejificha. Viti vya plastiki na mabenchi ya chuma vikiachwa juani vinaweza kupita nyuzi 60. Chuma kinauma zaidi kwa sababu hupeleka joto lake kwenye ngozi haraka kuliko plastiki. Nyasi bandia nazo huchemka kuliko nyasi za kawaida, ambazo hujipoza kwa kutoa maji.

Na mwisho ni sisi wenyewe. Mtu aliyekaa kimya hutoa joto la kama wati 100. Watu 50,000 ni megawati 5, na hapo bado hawajaanza kuruka.

Joto kavu na joto la unyevu, lipi baya zaidi?

La unyevu, ingawa la kavu hudanganya zaidi.

Jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote mwilini huondoka na joto la takriban jouli milioni 2.4. Likidondoka chini kabla ya kukauka umepoteza maji bure. Hewa iliyojaa unyevu inakataa kupokea jasho hilo, nawe unabaki umelowa na unawaka. Kwenye hewa kavu jasho hukauka haraka kiasi kwamba hulioni, na watu husema "mbona sitoki jasho" huku midomo ikipasuka.

Ndiyo sababu wataalamu wa michezo hawaangalii joto la hewa peke yake. Wana kipimo kiitwacho WBGT, kilichobuniwa katika jeshi la Marekani miaka ya 1950 baada ya makuruta kuzidiwa na joto mazoezini. Kinachanganya vipimo vitatu: kipimajoto chenye kitambaa kibichi (asilimia 70), kipimajoto kilicho ndani ya tufe jeusi lililowekwa juani (asilimia 20) na kipimajoto cha kawaida (asilimia 10). Mgawanyo huo wenyewe unakuonyesha uzito wa unyevu.

Je, kuna joto ambalo likifika mechi husimama?

Kwa ajili ya wachezaji, ndiyo. Kwa ajili yako, ni nadra.

FIFA imekuwa na utaratibu wa kuwapa wachezaji mapumziko ya kunywa maji WBGT inapopita 32, karibu na dakika ya 30 na ya 75. Tarehe 29 Juni 2014, mjini Fortaleza, Uholanzi na Mexico walisimama hivyo; kocha wa Uholanzi, Louis van Gaal, akatumia dakika hizo kuipanga upya timu yake iliyokuwa nyuma, ikashinda 2–1. Mashindano ya tenisi ya Australian Open tangu 2019 yana kipimo cha ngazi 1 hadi 5, na ikifika 5 michezo ya viwanja vya wazi husitishwa.

Saa ya kuanza mechi ni habari nyingine. Fainali ya Kombe la Dunia 1994 kule Pasadena ilianza saa sita na nusu mchana wa Julai, ili Ulaya waitazame jioni wakiwa kwenye makochi. Qatar 2022 ilihamishiwa Novemba na Desemba kwa sababu ya joto, mara ya kwanza kwa Kombe la Dunia la wanaume kutochezwa katikati ya mwaka. Lakini picha iliyonikaa ni ya tarehe 21 Juni 2025, Kombe la Dunia la Klabu mjini Cincinnati: wachezaji wa akiba wa Borussia Dortmund walitazama kipindi cha kwanza dhidi ya Mamelodi Sundowns wakiwa chumba cha kubadilishia nguo, kulikimbia jua. Walikuwa na haki. Mashabiki waliolipa viingilio walibaki nje.

Kama kuna mawingu, bado nijipake mafuta ya kukinga jua?

Ndiyo. Mawingu mepesi yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno (UV). Joto unalolihisi na miale inayounguza ngozi ni vitu viwili, na hiyo ya pili haihisiwi mpaka usiku unapovua shati. Angalia kielezo cha UV kwenye taarifa ya hali ya hewa: kikifika 3 anza kujikinga, kikiwa 8 au zaidi usifanye mzaha. Saa mbaya ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni.

Namba ipi, na nipake kiasi gani?

Namba inayoandikwa kwenye chupa kama SPF ndiyo ya kuangalia. Namba 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, na namba 50 kama asilimia 98. Tofauti ni ndogo kuliko bei inavyokufanya uamini. Tofauti kubwa iko kwenye kiasi: namba iliyoandikwa kwenye chupa imepimwa kwa kupaka kwa wingi, na watu wengi hupaka nusu yake au chini ya hapo. Mwili mzima wa mtu mzima unataka kama mililita 30.

Jipake nusu saa kabla ya kutoka, kisha rudia kila baada ya saa mbili. Foleni ya getini, mechi na mapumziko vikijumlishwa vinapita saa tatu, kwa hiyo kupaka mara moja nyumbani hakutoshi. Mapumziko ndiyo wakati wa kurudia. Sehemu zinazosahaulika uwanjani ni juu ya masikio, nyuma ya shingo, kisogo kilichonyolewa, na mapaja ya aliyevaa kaptura, kwa kuwa ukikaa mapaja yanatazama juu.

Rangi za timu usoni hazihesabiwi kuwa kinga. Mafuta kwanza, yakauke, ndipo bendera.

Ngozi yangu ni nyeusi. Haya yote yananihusu?

Mengi, ndiyo. Melanini inakupa kinga ya kweli. Ngozi nyeusi sana imekadiriwa kuwa na kinga ya asili inayokaribia namba 13. Utachelewa kuungua, ila unaweza kuungua, na madoa meusi usoni huongezwa na jua. Macho hayana kinga hiyo. Na joto la mwili haliulizi rangi: kuishiwa maji na kuzirai ni vya watu wote.

Mwenye ualbino hana kinga hiyo, au anayo kidogo mno. Kwake kiti chenye kivuli kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho ni hitaji la afya, na kama klabu ina utaratibu wa viti maalumu, hili ni jambo la kuulizia kabla ya siku ya mechi. Mikono mirefu, suruali, kofia pana, miwani, na mafuta ya namba 30 kwenda juu kwa sehemu zinazobaki wazi.

Jezi ya timu inatosha? Na kofia je?

Jezi ya poliesta iliyofumwa kwa kubana hukinga miale vizuri kuliko fulana nyembamba nyeupe ya pamba. Fulana hiyo hukinga kama mafuta ya namba 7 hivi ikiwa kavu, na ikilowa jasho hushuka zaidi. Jezi nyeusi huzuia miale vizuri lakini hunyonya joto. Kama klabu yako ina jezi ya ugenini yenye rangi hafifu, leo ni siku yake. Vaa iliyopwaya, hewa ipite kati ya kitambaa na ngozi.

Kapelo inafunika uso na kuacha masikio na shingo. Pama inafunika vyote ila itamkera aliye nyuma yako. Tafuta yenye ukingo wa wastani, au weka kitambaa kibichi chini ya kapelo kining'inie kisogoni. Miwani iwe na alama ya UV400, yaani inazuia miale ya urujuanimno. Kioo cheusi kisicho na kinga ni kibaya kuliko kutovaa miwani, kwa sababu mboni hutanuka gizani na kukaribisha miale zaidi.

Mwavuli?

Viwanja vingi huukataa getini: unaziba wengine na ncha yake inahesabiwa silaha. Usiusafirishe bure.

Si wajenge tu paa?

Warumi walilijibu hili zamani. Amfiteatri ya Colosseum, iliyozinduliwa mwaka 80 baada ya Kristo, ilikuwa na matanga makubwa yaliyovutwa juu ya watazamaji na mabaharia wa jeshi la majini. Kule Pompeii matangazo ya michezo yaliyochorwa ukutani yaliongezea maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya "matanga yatakuwepo", kama leo mtu atangazavyo maegesho. Walijua kinacholeta watu. Inasimuliwa hata kwamba mfalme Caligula alipenda kuyaondoa matanga jua linapokuwa kali kabisa, kisha akakataza mtu kutoka. Kuna viwanja vya siku hizi ambavyo ukikaa mashariki unashuku kwamba roho yake ingali hai.

Kikwazo kikubwa, ukiacha fedha, ni nyasi. Nyasi zinataka jua na upepo, na paa kubwa hunyima vyote viwili; viwanja vilivyofunikwa sana hulazimika kukokota taa kubwa uwanjani kuziotesha. Paa la kufungua na kufunga linawezekana, kama lile la uwanja wa tenisi wa Rod Laver Arena mjini Melbourne, lililopo tangu 1988, ila ni ghali kulijenga na kulitunza. Ambacho hakihitaji paa ni haki kwenye bei. Viwanja vya mapambano ya ng'ombe nchini Hispania huuza tiketi kwa majina ya "jua", "kivuli" na "jua kisha kivuli", na aliye juani hulipa kidogo. Sioni kwa nini soka lisiandike hivyo kwenye tiketi.

Ninywe maji kiasi gani? Na bia?

Anza kabla ya kuingia. Mwili ulioingia na kiu hauwezi kufidiwa ndani ya dakika 90. Watu wanaofanya kazi nzito juani hushauriwa glasi moja, kama mililita 240, kila dakika 15 hadi 20. Aliyekaa anahitaji pungufu ya hapo, aliyesimama akiimba mechi nzima anakaribia. Usipite kama lita moja na nusu kwa saa: maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi ya damu, na hilo nalo ni hatari. Mkojo wa manjano hafifu ni dalili njema. Wa rangi ya chai, umechelewa.

Bia moja haikuui, ila pombe hukukojoza, huficha dalili za joto, na hukufanya useme "niko sawa" wakati hauko. Kila kopo lifuatwe na maji. Kama uwanja unaruhusu chupa laini, ingia na iliyogandishwa: kwanza ni barafu ya kuweka shingoni, baadaye ni maji baridi.

Nitajuaje kwamba jirani yangu amezidiwa, na nifanye nini?

Tazama akili yake kuliko jasho lake.

Uchovu wa joto huja na jasho jingi, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli ya miguu kukaza. Ila mtu anajibu vizuri: anajua alipo, anajua matokeo ni ngapi. Mtoe juani, ikibidi mpeleke kwenye njia za chini ya jukwaa ambako zege lina kivuli. Mlaze, nyanyua miguu, legeza nguo, mpe maji kidogokidogo, mlowanishe na kumpepea. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, ni kazi ya daktari.

Kiharusi cha joto ni dharura. Joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi, naye anaanza kusema maneno yasiyoshikana, anakuwa mkali bila sababu, anayumba, anadegedega au anapoteza fahamu. Anaweza kuwa mkavu, anaweza kuwa amelowa jasho, usisubiri akauke. Mwenzako mmoja akimbilie watoa huduma ya kwanza, akitaja namba ya jukwaa, ya safu na ya geti la karibu, maana "huku juu kwenye mashabiki wetu" si anwani. Wengine mnaanza kumpoza papo hapo: maji mwilini kote, kupepea kwa mabango na jezi, barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Barafu ya vinywaji ndiyo hiyo, iombeni. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, mlaze ubavu. Dawa za kushusha homa hazisaidii hapa, kwa kuwa hii si homa.

Jambo la kuogopa ni kwamba uwanjani mtu anayeropoka na kuyumba huonekana amelewa, na watu hucheka. Muulize matokeo. Akishindwa kuyataja na alikuwa anatazama, ita msaada.

Watoto, wazee, wajawazito, wagonjwa?

Mtoto wa chini ya miezi sita asiwekwe juani kabisa, na mafuta ya kukinga jua si ya umri wake. Watoto wakubwa kidogo hawasemi kiu. Wape maji bila kuuliza. Wazee nao kiu huwachelewea. Mwenye selimundu ajue kwamba kuishiwa maji kunaweza kuamsha maumivu. Dawa za kuongeza mkojo, baadhi ya dawa za presha, za mzio na za magonjwa ya akili hupunguza uwezo wa mwili kujipoza. Doksisaiklini na dawa za salfa huifanya ngozi iungue upesi. Usiache dawa kwa ajili ya mechi. Muulize mfamasia, kisha ubadilishe kiti.

Feni ndogo ya mkononi inasaidia?

Ndiyo, hasa ngozi ikiwa imelowa. Hewa ikipita nyuzi 40, feni peke yake inakupulizia joto tu.

Nimeungua au nimechoka na jua katikati ya mechi. Naweza kuomba kuhamishwa?

Omba. Msimamizi wa jukwaa hana lazima ya kukubali, lakini safu za juu nyuma hubaki na viti vitupu kwenye mechi nyingi, na ni rahisi kumhamisha mtu aliyeomba kwa upole dakika ya kumi kuliko kumbeba dakika ya sitini. Akikataa, tumia njia za chini ya jukwaa: dakika kumi za kivuli kila nusu saa hushusha joto la mwili, na pale kwenye ngazi bado unasikia kelele za goli.